Kamelia Uani kwa Mnyapara

Wekeni vitabu vya nyimbo chini kidogo. Na wewe mama wa pale nyuma, usihangaike kutoka nje, mwache mtoto alie, hanisumbui hata kidogo. Kabla sijasema lile nililokuja kulisema leo, nataka niwapeleke uani kwa mzee mmoja.

Mzee huyu alikuwa mnyapara wa chai. Ninyi mliozaliwa huku kwenye chai mnajua mnyapara ni nani. Wageni wetu niwaeleze: ni yule anayesimamia wachumaji shambani, anapita na kifimbo chake katikati ya mistari, na jicho lake likitua kwenye kikapu chako unaanza kukumbuka dhambi zako zote. Alianza kuchuma akiwa kijana, ubavuni mwa mama yake, akapanda mpaka akawa mnyapara. Chai nzuri, mnajua wenyewe, ni majani mawili na chipukizi. Si majani matatu. Ukileta lile la tatu, la chini, gumu, kikapu chako kinamwagwa chini, unapiga magoti unachambua upya mbele za watu. Mzee huyu alimwaga vikapu vingi. Wako humu ndani waliowahi kumwagiwa na wanyapara wa namna hiyo, nawaona mnatabasamu, leo mnatabasamu.

Na kulikuwa na jambo moja alilojivunia kuliko yote: katika eneo lake halikuonekana ua hata moja. Maana chai nayo ina maua, jamani, meupe, madogo, mazuri kweli. Lakini chai inayochumwa sawasawa haipati nafasi ya kuchanua. Ukiona shamba lina maua, ujue limetelekezwa, na mnyapara wake ana maswali ya kujibu. Kwa hiyo kwa mzee wetu, maisha yake yote ya kazi, ua lilikuwa kosa. Akiliona kwa mbali, vidole vinawasha.

Siku ikafika, akastaafu. Wakamshika mkono, wakampa blanketi, wakapiga makofi, akarudi nyumbani.

Hapo ndipo mke wake alipopata kazi. Maana kesho yake asubuhi honi ya kiwanda cha chai ilipolia, mzee aliamka, akavaa buti zake za mvua, akachukua kifimbo, akafika mlangoni, akasimama. Aende wapi? Akarudi akakaa barazani na buti zake miguuni. Kesho yake vilevile. Akawa haongei. Aliyekuwa akiimba tenzi tangu anatoka nyumbani mpaka anaingia shambani, akawa anakaa tu anatazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Chakula akiletewa anakula, asipoletewa haulizi. Mke wake, tumwite Mama Lugano kwa jina la binti yao, akawa anampitia pale barazani na vyombo vyake, anakohoa makusudi ili mzee ainue macho. Hainui.

Wangapi humu mna mtu wa namna hiyo nyumbani? Hajafa, haumwi, lakini hayupo. Mnajua ninachosema.

Basi Lugano, yule binti, ameolewa mjini Mbeya, akaja kuwatembelea na mche ndani ya ndoo. Ulikuwa mche wa kamelia. Huenda wengine hamjawahi kuuona. Ni mti mdogo wa bustani, majani yake ya kijani kibichi yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na ukichanua, ua lake ni kubwa kama bakuli la uji, jekundu, petali juu ya petali, na unachanua wakati wa baridi, wakati mimea mingine imejikunyata. Lugano alimletea mama yake. Maana Mama Lugano alipokuwa msichana aliliona ua hilo kwenye bustani ya misheni, akanyoosha mkono, akaambiwa, "Usiguse!" Akaurudisha mkono. Akaondoka akisema moyoni, siku moja nitakuwa na la kwangu, nilishike mpaka nichoke. Akaolewa, akazaa, akalea, akalima, akazeeka, na hamu yake ikawa pale pale. Watoto wake wote walikulia kwenye hadithi ya lile ua.

"Mama, huu hapa mche wako," Lugano akasema. "Lakini walioniuzia wamesema una masharti. Unataka udongo mchachu, kama wa chai. Wamesema eti ni ndugu wa chai kabisa, ukoo mmoja."

Mzee pale barazani akainua macho.

"Nani ndugu wa chai?"

"Huu mche, baba."

Akainuka. Akaja, akashika jani, akaligeuza upande wa chini, akalinusa. Akasema, "Kumbe. Karibu nyumbani, mwanangu." Alikuwa akiuambia mche.

Toka siku hiyo ule mche ulikuwa wa Mama Lugano kwa jina, lakini mlezi alikuwa mzee. Na alilea, ndugu zangu, simdanganyi mtu. Akauchagulia mahali uani ambako jua la mchana halifiki moja kwa moja. Akachimba shimo pana, halafu akaupanda juujuu, akahakikisha shina halizikwi, maana shina likizikwa linaoza. Akaweka matandazo ya majani makavu kuzunguka mizizi ili unyevu usipotee. Watu wa kijiji, mnajua sisi tulivyo na majivu, kila kitu tunamwagia majivu, mzee mwenzake mmoja akaja na debe lake la majivu kutoka jikoni, kwa nia njema kabisa. Alifukuzwa nalo hadi barabarani. "Majivu yanaua uchachu wa udongo! Unataka kuniulia mtoto?" Masika alikuwa akikinga maji ya mvua na kuyahifadhi kwenye pipa kwa ajili ya kamelia, nyumba nzima ikioga maji ya kisima.

Na kila asubuhi, honi ya kiwanda ikilia, anavaa buti zake, anatoka uani, anasimama mbele ya ule mti. Anausalimia. Anautazama. Na anaimba. Sauti yake ikarudi ile ile ya shambani, nzito, inayovuka mistari. Mama Lugano akiwa jikoni anachochea moto alikuwa anaisikia.

Mti ukakua, ukanenepa, ukajaa majani. Ua? Hakuna.

Msimu wa kwanza mzee akasema bado mdogo. Msimu uliofuata akasema umechelewa kwa sababu ya mvua. Ulipokuja mwingine, baridi imeingia mpaka ukungu unagonga dirisha, akawa hana la kusema. Mama Lugano alitoka nje amejifunga kitenge kichwani, akauzunguka mti mzima akitafuta hata tumba moja, hata dogo kama punje ya njegere. Akakosa.

"Labda ni dume," akasema, "kama papai."

Alisema kwa kutania, lakini mzee aliuona uso wake kabla hajaingia ndani. Na ule uso ulimuuma. Fikirini jamani, mke huyu hajawahi kumwomba gauni la bei mbaya, hajawahi kumwomba safari. Anataka ua moja. Na yeye, mnyapara mzima, aliyelea maekari ya chai, anashindwa kumpa mke wake ua moja? Akamfuata mpaka jikoni, akasimama mlangoni.

"Mama Lugano, mwakani utaliona. Nimesema."

"Haya, baba."

"Nimesema mimi!"

"Nimesikia, Baba Lugano. Kunywa uji wako."

Akaongeza bidii. Samadi iliyooza vizuri, si mbichi. Matandazo mapya. Akawa anaamka hata kabla ya honi. Na mti, kwa kweli, ukaitikia: kila baada ya mvua ukawa unatoa machipukizi laini, mekundumekundu, mengi. Mzee akasimama mbele yake anaimba tenzi zote alizozijua, na akizimaliza anaanza upya.

Kisha Lugano akajifungua. Mama yake akafunga mzigo, akaenda Mbeya kumlea mzazi, kama desturi yetu ilivyo. Mzee akabaki peke yake na jogoo, na kamelia.

Sasa nisikilizeni hapa. Asubuhi moja mzee amemaliza kuimba, jogoo akaruka akaingia nyuma yake. Akageuka kumfukuza. Akaona chini, kwenye udongo, pale pale nyuma ya mahali anaposimama siku zote, kuna kitu. Akainama. Machipukizi. Machipukizi ya kamelia yake, laini, mengine mabichi ya leo, mengine yamenyauka, mengine yamekauka kabisa yamekuwa meusi. Mengi! Yametapakaa.

Mzee damu ikamchemka. Kuna mtu! Kuna mtu anaingia uani kwake anachuma mti wa mke wake! Ndiyo maana hauchanui! Akaanza kuhesabu maadui zake, na mnyapara mstaafu hakosi maadui. Akakumbuka yule wa majivu. Akakumbuka wengine aliowahi kuwamwagia vikapu. Halafu akakumbuka mbuzi wa jirani. Akajaza yale machipukizi kwenye kofia yake, akaenda moja kwa moja kwa Mama Tusa.

Mama Tusa ni mjane, jirani yake, wamepakana ua. Alichuma chai chini ya huyu mzee miaka na miaka. Alikuwa anamenya ndizi.

"Mama Tusa, mbuzi wako!"

"Shikamoo, Mnyapara."

"Marahaba. Mbuzi wako anamaliza kamelia ya Mama Lugano!"

Akamimina machipukizi kwenye ungo wake. Mama Tusa akaweka kisu chini, akafuta mikono, akachukua chipukizi moja, akalitazama. Akachukua lingine. Akachukua lingine.

"Mnyapara, mbuzi wangu anakula. Hachumi."

"Basi ni nani?"

"Hebu tazama mwenyewe. Majani mawili na chipukizi. Majani mawili na chipukizi. Na hili, majani mawili na chipukizi. Hata jani moja la tatu humu hakuna." Akaanza kucheka. "Mimi huyu ulinimwagia kikapu mpaka nikalia, eti nina mkono mzito. Sasa niambie wewe, hapa kijijini petu, kuna mkono gani mwingine unaochuma hivi?"

"Mkono gani?"

Mzee alikuwa anauliza kweli. Alikuwa hajui. Mama Tusa alipouona uso wake akaacha kucheka.

"Baba," akasema taratibu, "ina maana hukuwa unajua?"

Akamwambia. Kila asubuhi tunapopita barabarani kwenda shambani tunakuona. Unasimama pale, unaimba, macho yako yako huko milimani, na vidole vyako vinachuma. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mkono ukijaa unatupa begani, kwenye kikapu ambacho hakipo. Sisi tulidhani unaupunguza makusudi, wewe ndiye mnyapara, nani akuulize?

Mzee akaitazama mikono yake. Mnakumbuka aliitazama hivyo barazani. Lakini safari hii ilikuwa kwa hofu. Kwa sababu kamelia, ndugu zangu, tumba lake linajifunga pale pale kwenye ncha, kwenye lile chipukizi jipya. Ukilitoa chipukizi, umetoa ua. Alikuwa ameuhifadhia mti maji, ameulinda na majivu, ameuimbia, na kila asubuhi, kwa mikono yake mwenyewe, kwa upendo wote alio nao, amekuwa akichuma maua ya mke wake kabla hayajawa maua.

"Mama Lugano asijue," akasema. Akaificha mikono nyuma yake. "Nakuomba, Mama Tusa. Akirudi nitamwambia mwenyewe polepole. Akisikia barabarani ataumia sana."

Mama Tusa akaokota chipukizi moja lililokauka.

"Mnyapara, kwani machipukizi haya umeyaona lini?"

"Leo."

"Kwa nini leo? Umeanza kuchuma leo?"

Mzee akayatazama tena yale meusi kwenye ungo.

"Mwenzio hayupo," Mama Tusa akasema. "Mwenzio akiwepo, ukiondoka tu pale uani kwenda kunywa uji, anatoka na ufagio. Anafagia pale ulipokuwa umesimama. Namwona kila siku mimi, ua wetu ni huu mmoja. Uwanja mwingine wote anaufagia saa yoyote ile, hata jua likiwa juu. Lakini pale, anafagia kwanza, kabla hujageuka kutazama."

Mzee akageuka. Aliacha kofia yake palepale kwenye ungo, akarudi nyumbani.

Siku aliyorudi Mama Lugano, amechoka na safari, ana mafuta ya mtoto mchanga kwenye kanga, aliingia uani akasimama. Pale mzee anaposimama mbele ya kamelia palikuwa pamefagiwa. Pamefagiwa vibaya, mistari inapishanapishana, matandazo nusu yamekwenda na ufagio, inaonekana kabisa aliyefagia hajawahi kushika ufagio maishani mwake.

"Nani amefagia hapa?"

"Mimi," mzee akajibu kutoka barazani.

Mama Lugano akaweka mzigo chini. Akaelewa. Hakukuwa na haja ya kuzunguka.

"Ulijua tangu lini?" mzee akauliza.

"Tangu mwanzo."

"Na hukuniambia! Misimu yote hii! Na mimi nakuahidi, mwakani, mwakani, na wewe unaniitikia tu haya, baba! Si ungenipiga hata na huo ufagio?"

"Nilitaka kukuambia," akasema mama. Akakaa karibu naye. "Asubuhi moja nilitoka nimekasirika kweli, nimeyapanga maneno. Nikasema leo Baba Lugano atanisikia, atavifunga hivyo vidole vyake. Nikafika pale kwenye kona ya jiko, nikakusikia unaimba. Kabla ya mche huu kuja, ulikuwa umekaa kwenye baraza hili kimya mpaka nilikuwa naogopa kulala, nikidhani nitaamka nikukute umeondoka. Nikasema, nikimwambia leo, hatasogea tena pale. Atarudi kukaa. Basi nikafagia, nikaingia ndani kupika uji."

"Lakini ua lako, Mama Lugano."

"Ua nilikuwa nalitaka," akasema. "Na bado nalitaka, usijifanye hujasikia. Nimelitaka tangu sina hata mvi moja. Ila nilikutaka na wewe."

Mzee akalia. Nawaambia ukweli, yule aliyemwaga vikapu vya watu alilia pale barazani mchana kweupe, na Mama Tusa upande wa pili wa ua alisikia, akaingiza mbuzi wake ndani kimyakimya ili wasimsumbue.

Kuanzia kesho yake, honi ya kiwanda ilipolia, mzee alitoka na buti zake kama kawaida. Lakini mke wake alitoka naye. Wakasimama mbele ya kamelia, na mzee alipoanza kuimba, mama akaushika mkono wake. Mkono mwingine mzee mwenyewe akautia mfukoni. Vidole vikitaka kupanda, mama anavibana. Waliopita barabarani wakawa wanachekeana, wazee wale wameanza uchumba upya, angalia wanavyoshikana! Hawakujua kwamba ule ulikuwa ulinzi.

Na baridi ilipoingia, kamelia ikachanua. Kwanza tumba moja, gumu, la kijani. Likavimba, likaonyesha mdomo mwekundu. Asubuhi moja ya ukungu lilikuwa limefunguka lote. Mzee akasema, "Haya, Mama Lugano, shika." Mama akalishika kwa mikono miwili likiwa bado kwenye mti wake, na hakuna aliyemwambia asiguse.

Sasa, ndugu zangu, tuongee sisi kwa sisi.

Najua mnachofikiri. Mnasema, tumeshalipata fundisho, mchungaji, tuache kuchumachuma, tuwape watoto wetu nafasi wachanue, tusiwalee wote kama chai. Ni kweli. Lichukueni hilo mwende nalo, ni zuri. Yuko baba humu ndani ana binti mwenye kipaji na kila akitoa chipukizi, baba analikata kwa sababu ndivyo alivyozoea, na anasema ni malezi. Lakini si hilo lililonileta leo.

Nimemwona kila mmoja wenu akimcheka mzee. Mmecheka vizuri, nami nimefurahi. Mkajiona ninyi ni Mama Tusa, mnaona kila kitu kutoka ng'ambo ya ua. Hebu niwaulize: mzee alidhani mikono yake ni safi kwa sababu gani? Si kwa sababu alikuwa msafi! Alidhani hakuna alichoharibu kwa sababu, kila alipogeuka, uwanja ulikuwa umefagiwa.

Na wewe je?

Wewe unayetoka kwenye kikao umeongea maneno makali, umewakata watu, unalala usingizi mzuri, asubuhi watu wanakusalimia vizuri, unasema, unaona, hawakukasirika. Hujui kwamba mke wako alipita nyumba kwa nyumba akisema, mnisamehee mume wangu, ana presha. Wewe mama unayesema mume wako hana shukrani, hujui ni mara ngapi amesimama mbele ya ndugu zake akakukingia kifua. Wewe kijana unayesema umefika hapo kwa juhudi zako. Na sisi watumishi, nasi tumo, tunaohubiri mpaka chakula cha watu kinapoa majumbani, kuna wazee wa kanisa wanaobaki nyuma yetu kuwatuliza waumini, na sisi tunapanda pikipiki tunaondoka tunajisikia tumebarikiwa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi akina mama mnyamaze mkiumizwa. Yule mzee alikuwa anachuma majani, hakuwa anampiga mtu. Anayekupiga usimfagilie, njoo ofisini tukae, na kama ni kwenda polisi tutakwenda wote. Nimemaliza hilo.

Lakini sasa twende juu zaidi. Ni mara ngapi Mungu ameleta chipukizi maishani mwetu, tukalivunja kabla halijafunguka, kwa mazoea, huku midomo yetu inaimba tenzi zake? Halafu tunakwenda kumtafuta mbuzi wa jirani! Tunasema tumerogwa, tunasema fulani ana jicho baya, wakati machipukizi yamelala nyuma ya visigino vyetu wenyewe. Na Yeye anaona. Ni bustani yake. Ni ua lake, alilitaka, bado analitaka. Kwa nini hajatupigia kelele? Kwa nini hajautwaa mti wake akaupeleka kwa wengine wenye vidole vitulivu? Kwa sababu anatutaka na sisi. Amechukua ufagio, ndugu zangu. Mungu mwenyewe amechukua ufagio, ameinama nyuma yetu asubuhi baada ya asubuhi, na sisi tumeuita usafi huo haki yetu.

Usitoke hapa ukasema leo mchungaji alihubiri maua. Nenda nyumbani. Jioni, kabla hujauliza chakula kiko wapi, mkalishe chini yule unayeishi naye, mke, mume, mama yako, yeyote yule, umuulize: "Umefagia nini nyuma yangu?"

Halafu ufunge mdomo wako, usikilize mpaka amalize.